Sura ya 6: Sikio Linalotoa Usaha na Kimeo Kisicho na Hatia

Ukikaa kwenye benchi la zahanati yoyote siku ya kliniki ya watoto, utaona jambo linalojirudia. Mtoto aliyeamka usiku akilia na kushika sikio huletwa mbio alfajiri, baba na mama wote wakiwa na macho mekundu ya kukesha. Mtoto ambaye sikio lake limekuwa likitoa usaha tangu masika iliyopita haletwi. Yuko uani anacheza, hana homa, anakula vizuri. Akifika hospitali, kaletwa kwa ajili ya upele au kafuatana na mdogo wake anayekuja kuchanjwa, na nesi ndiye anayeona uchafu uliokaukia kwenye tundu la sikio akauliza. “Hilo ni la siku nyingi, nesi,” mama anajibu kwa utulivu. “Lilianza na meno. Akikua litakauka lenyewe.”

Kati ya watoto hao wawili, aliye hatarini zaidi ni huyu wa pili.

Katika sikio, pua na koo, maumivu hayasemi ukweli. Koo linalochoma hadi mtu anashindwa kumeza mate, mara nyingi hupona lenyewe ndani ya wiki moja. Sauti iliyokwaruza kwa miezi bila kuuma hata kidogo inaweza kuwa saratani. Kimeo, ambacho hakina kosa lolote, kinakatwa kwa wembe, na sikio linalooza linadondoshewa mafuta ya nazi na kuachwa. Tunakimbilia kinachouma na kukipa mgongo kisichouma, na gharama ya mazoea hayo ni uziwi, moyo mbovu na wakati mwingine kaburi la mtoto. Nataka msomaji akimaliza sura hii awe anajua kutenganisha mambo hayo akiwa nyumbani kwake, kabla ya kufika dukani kununua dawa.

Hospitalini viungo hivi vitatu huwekwa mikononi mwa daktari mmoja kwa sababu vimeunganishwa. Nyuma ya pua, juu kidogo ya kaakaa laini, kuna tundu dogo kila upande. Kutoka hapo unaanza mrija mwembamba unaopanda hadi kwenye chumba cha sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Ukipiga mwayo ndani ya basi linaloteremka mlima Kitonga na masikio yakafunguka ghafla, ni mrija huo umepitisha hewa. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 3.5 na umeinama mithili ya mfereji wa bati uliofungwa vizuri, kinachoingia kinateremka chini. Kwa mtoto mchanga urefu wake ni karibu nusu ya huo, na umelala. Kamasi la mafua linasafiri humo bila shida hadi sikioni. Ndiyo maana mtoto mdogo akipata mafua leo, siku tatu baadaye analia sikio, na ndiyo maana maziwa ya chupa anayonyweshwa akiwa amelala chali huongeza hatari hiyo. Meno hayahusiki. Yanaota katika umri uleule ambao masikio yanashambuliwa zaidi, basi lawama zikaangukia hapo.

Usaha ukijaa kwenye chumba kile kidogo, ngoma inavimba kwa nje na maumivu yanakuwa makali mno, hasa usiku mtoto akilala. Kisha, mara nyingi, ngoma inapasuka. Usaha unatoka, shinikizo linaisha, na mtoto ananyamaza papo hapo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Wanashukuru kwamba ugonjwa umetoka, kumbe kilichotokea ni tundu kwenye ngoma. Kwa bahati njema, tundu hilo kwa watoto wengi huziba lenyewe ndani ya wiki chache, mradi maambukizi yatibiwe na maji yasiingie. Kwa wengine halizibi, na usaha unageuka kuwa mazoea ya nyumba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF unaofuatwa katika zahanati zetu kwa watoto wa chini ya miaka mitano unaweka mpaka siku ya 14. Sikio linalouma, au linalotoa usaha kwa muda usiofika siku 14, linahesabiwa kuwa na maambukizi mapya. Mtoto anapewa amoksilini ya kumeza kwa siku 5, parasetamo ya maumivu, na sikio linakaushwa. Ukivuka siku 14, ugonjwa umebadilika na tiba inabadilika. Vijidudu vinavyotawala sasa ni vya aina nyingine, kikiwemo kimoja kiitwacho Pseudomonas, ambacho amoksilini haikigusi. Mama anayerudi dukani mara ya nne kununua dawa ileile ya maji kwa ajili ya sikio la miezi sita anapoteza fedha bure, na muuza dawa anayempa bila kuuliza lilianza lini hamsaidii.

Tiba ya sikio sugu inashangaza kwa urahisi wake. Kazi kubwa ni kukausha. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini lakini imara ya shashi, uiviringishe iwe utambi wenye ncha nyembamba. Ingiza utambi huo taratibu ndani ya sikio, uuache hadi ulowe, utoe, uweke mwingine mkavu. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Baada ya hapo ndipo unadondosha dawa ya matone, kwa kawaida siprofloksasini ya masikio. Fanya hivyo mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Matone yakidondoshewa juu ya usaha hayafiki popote, yanaelea tu na kutoka nao. Nimewaona wazazi wakilaumu dawa kwa miezi, na walipoonyeshwa kukausha kwanza, dawa ileile ikafanya kazi ndani ya siku kumi. Wakati wa kuoga, sikio lizibwe kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Kuogelea baharini, mtoni au kwenye bwawa kusimame kabisa hadi daktari aone kwamba ngoma imeziba.

Kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba kisitumike. Pamba hubaki ndani, na kijiti huchubua.

Sikio likishindwa kukauka baada ya tiba hiyo kufanywa sawasawa, au likitoa harufu mbaya sana, linahitaji daktari wa masikio mwenye kifaa cha kutazamia. Kuna hali ambapo ngozi ya sikio la nje inaingia ndani kupitia ngoma na kujikusanya humo mwaka hadi mwaka. Si saratani, lakini inakula mfupa polepole, na mfupa huo ndio unaotenganisha sikio na ubongo. Inahitaji upasuaji. Na kuna dalili moja isiyosubiri kuche: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, unaosukuma sikio mbele hadi linaonekana limesimama kuliko lenzake. Huo ni usaha uliopenya kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu kutoka hapo hadi homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo si mbali.

Lakini wengi wa watoto hawa hawafi. Wanakuwa wazito wa kusikia, na hilo huchukua miaka kugundulika. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni msahaulifu, mkaidi, hafuati maelekezo. Nyumbani anachapwa kwa kutoitika. Anakaa dawati la nyuma, sentensi ya mwalimu inamfikia nusu, na nusu nyingine anaibuni. Mtoto wa namna hiyo huonekana mjinga hadi siku mtu anapomwita kwa sauti ya kawaida akiwa amesimama nyuma yake, na mtoto asigeuke. Mzazi yeyote anaweza kufanya jaribio hilo leo jioni. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu usikivu ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unasababishwa na mambo yanayozuilika. Shirika hilo huadhimisha Siku ya Usikivu Duniani kila tarehe 3 Machi, tarehe iliyochaguliwa kwa kuwa tarakimu 3 mbili zikikaa pamoja zinafanana na masikio mawili. Kinga nyingine imo kwenye kadi ya kliniki: chanjo ya surua na rubella, na ile ya nimokokasi, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011 na Tanzania muda mfupi baadaye. Wazazi wanaijua kama chanjo ya nimonia, lakini kijidudu kinacholengwa ni miongoni mwa vinavyoongoza kushambulia sikio la kati na utando wa ubongo.

Kuhusu nta, watu wanajisumbua mno. Nta ni kinga. Inanasa vumbi, inazuia maji na kupunguza ukuaji wa vijidudu. Ngozi ya ndani ya sikio hujisogeza yenyewe taratibu kuelekea nje na kubeba nta hiyo, basi sikio hujisafisha bila msaada. Vijiti vya pamba, ufunguo wa pikipiki, kifuniko cha kalamu na ule unyoya wa kuku waliotumia wazee vyote hufanya kazi moja, kusukuma nta ndani hadi igandamane na ngoma. Nta ikiziba kweli, matone machache ya mafuta safi ya nazi au ya zeituni kila usiku kwa siku kadhaa huilainisha, kisha kituo cha afya wakaitoa. Usifanye hivyo kama sikio linatoa usaha au liliwahi kutobolewa ngoma.

Mdudu akiingia sikioni akiwa hai, anaposhindwa kugeuka anapiga miguu kwenye ngoma, na hayo ni mateso. Mafuta ya kula vuguvugu yakimiminwa ndani humuua, halafu akatolewa kwa utaratibu hospitalini. Lakini mtoto akijiingiza haragwe, kunde au punje ya mahindi, usiweke maji wala mafuta, kwa sababu mbegu itavimba na kujibana.

Kitu kikiwa puani, kuna njia ambayo wazazi wengi hawajafundishwa. Mama anaziba kwa kidole tundu la pua lililo wazi, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto ukaziba vizuri, anapuliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Kitu kinaruka nje. Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali ulikuta inafaulu karibu mara 6 katika kila 10, na mtoto haogopi kwa kuwa anadhani anabusiwa. Ikishindikana, nenda hospitali, usichokonoe kwa kibano. Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti, saa au mwanasesere anayeimba, ina sheria yake. Iwe sikioni, puani au kooni, inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hakuna kusubiri kesho, hakuna kudondosha chochote.

Tukiwa bado sikioni, kuna mambo mawili ya watu wazima. La kwanza ni kuvuma. Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka mvumo ule, dunia nzima ikasikika kutoka mbali. Kwa wengi uliisha dawa ilipoisha. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano za atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, basi kizazi kipya kinaifahamu hali hiyo kidogo. Dawa nyingine hazisamehi. Jentamaisini, na streptomaisini iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, zinaweza kuua chembechembe za kusikia ndani kabisa ya sikio, na zikifa hazioti tena. Dawa hizo huokoa maisha na hospitali huzitumia kwa vipimo. Hatari iko kwa mtu anayedungwa jentamaisini mtaani kwa kila homa.

La pili ni sikio kuzima ghafla. Mtu anaamka asubuhi, upande mmoja umekufa, hakuna maumivu. Anadhani ni nta au maji ya kuoga, anangoja mwezi. Huenda ni mshtuko wa sikio la ndani, ambao hutibiwa kwa dawa za steroidi, na dawa hizo zina nafasi nzuri ya kusaidia zikianzwa ndani ya siku chache, kabla wiki mbili hazijapita. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Pua ina kelele nyingi na hatari chache, kwa hiyo nitapita haraka. Mafua husababishwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Mtoto anaweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka bila kuwa na kasoro yoyote mwilini. Kamasi likigeuka kuwa la njano au kijani, rangi hiyo inatoka kwenye seli nyeupe za damu zinazopigana, na haidai antibayotiki. Maji ya chumvi puani, kiasi cha kijiko kidogo cha chai katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yanasaidia kuliko vidonge vingi vinavyouzwa. Yawe yamechemshwa kweli, kwa sababu maji mabichi yakipandishwa puani yanaweza kubeba vimelea vya hatari. Mafua yakizidi siku 10 bila nafuu, au yakipungua kisha yakarudi kwa kishindo pamoja na homa na maumivu ya uso upande mmoja, hapo sainasi, yaani mianya ya hewa ndani ya mifupa ya uso, zimepata maambukizi na daktari ana sababu ya kuandika antibayotiki.

Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani ni mtego. Yanafungua pua ndani ya dakika, na mtu anaona amepata mkombozi. Yakitumika zaidi ya siku 5 hadi 7, pua huziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na mtu anajikuta amefungwa kwenye chupa kwa miaka. Mwenye mafua ya mzio, yanayomjia kila akifagia, akikunjua nguo za kabatini au vumbi la kiangazi likitimka, hahitaji hayo. Anahitaji dawa ya kupuliza yenye steroidi, inayofanya kazi polepole kwa siku kadhaa na inayoweza kutumika kwa muda mrefu chini ya uangalizi.

Damu ikitoka puani, karibu kila mtu anainamisha kichwa cha mgonjwa nyuma na kummwagia maji utosini. Damu inateremkia kooni, anaimeza, anatapika, watu wanapiga mayowe. Mkalishe, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili huku akipumua kwa mdomo, dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Damu nyingi za pua hutoka kwenye mishipa midogo ya mbele na hukoma kwa njia hiyo. Isipokoma, aende hospitali, na mtu mzima apimwe shinikizo la damu.

Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, na wakati mwingine anakata pumzi kisha anashtuka, huenda ana kile ambacho mtaani tunakiita nyama za pua. Ni tezi za kinga zilizo nyuma ya pua, kila mtoto anazo, ila zake zimekua kupita nafasi. Kwa kawaida hupungua mtoto akikaribia ujana. Kama anakata pumzi usingizini, haongezeki uzito, au masikio yake yamejaa majimaji, hazisubiriwi zipungue. Upasuaji wa kuzitoa ni mfupi na hufanywa katika hospitali nyingi za rufaa. Na mtoto mwenye kamasi la tundu moja tu, linalonuka, ana kitu ndani ya pua. Usimnunulie dawa ya mafua, mtafutie mtu wa kuchungulia.

Sasa koo. Makoo mengi yanayouma ni kazi ya virusi, yanakuja na kikohozi, mafua na sauti kukauka, na yanapona kwa parasetamo, vinywaji vya uvuguvugu na subira. Kundi dogo, kama robo kwa watoto, husababishwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Mtoto huyu ana homa, hakohoi, mafindofindo yake yamevimba na yana madoa meupe, na tezi za mbele ya shingo zinauma zikiguswa. Hata yeye koo lake lingepona bila dawa. Tatizo ni kinachofuata. Wiki 2 hadi 4 baadaye, wakati koo limeshasahaulika, kinga ya mwili iliyoandaliwa dhidi ya bakteria inaweza kugeukia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Leo goti linavimba, kesho kiwiko, kisha maumivu yanaondoka na mzazi anasema alikuwa anakua. Kinachobaki ni kovu kwenye valvu za moyo. Ndilo linalowakata pumzi wasichana wa miaka 20 wanapobeba mimba ya kwanza, na ndilo linalowajaza vijana kwenye foleni za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, wakingoja kubadilishiwa valvu.

Moyo huo ungeweza kuokolewa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Aliyekwisha kuugua ugonjwa huo, uitwao homa ya baridi yabisi, huidungwa kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, ili asiugue tena. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, umri ambao ugonjwa huu unapenda, nasema bila kusita: koo lenye homa na lisilo na kikohozi liangaliwe na mhudumu wa afya. Hapa ndipo antibayotiki zinapostahili, nasi tunazimaliza kwenye mafua.

Kuyakata mafindofindo kuna vigezo. Vile vinavyotumika sana vilitokana na utafiti wa Jack Paradise na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984: awe ameugua koo kwa ukali mara 7 katika mwaka mmoja, au 5 kwa kila mwaka katika miaka miwili, au 3 kwa kila mwaka katika miaka mitatu. Chini ya hapo, wengi huacha kuugua wenyewe wakikua.

Kimeo hakina vigezo vya namna hiyo, kwa sababu hakuna kikohozi kinachotibiwa kwa kukikata.

Najua nagusa jambo ambalo familia nyingi zinaliamini kwa dhati. Mtoto anakohoa wiki mbili, anatapika akikohoa, haongezeki. Bibi anamfungua mdomo karibu na dirisha, anakiona kile kinyama kinachoning’inia nyuma, chekundu, na anasema ni kirefu, kinagusa koo, ndicho kinachomkohoza. Anatafutwa mkata kimeo. Mila hii ipo Tanzania, ipo Kenya, ipo Ethiopia, na kaskazini mwa Nigeria vinyozi wa Kihausa huwakata watoto wakiwa na umri wa siku saba. Bibi hana nia mbaya. Analala macho kwa ajili ya mjukuu wake, na amewaona kwa macho yake watoto waliopona baada ya kukatwa.

Ni kweli walipona. Kikohozi cha virusi hudumu wiki 2 hadi 3, na kimeo hukatwa wiki ya pili au ya tatu, familia ikiwa imechoka. Kikohozi kilikuwa kinaaga. Wembe ukapewa sifa ambayo ilikuwa ya siku kupita. Urefu wa kimeo unatofautiana kwa mtu na mtu, na koo lolote lililokohoa wiki mbili litakuwa jekundu, kimeo kikiwemo.

Kile kinyama kina kazi. Pamoja na kaakaa laini hupanda kuziba njia ya pua wakati wa kumeza, kisha kinalainisha koo kwa mate yake. Mkata kimeo akipitiliza na kuchukua sehemu ya kaakaa, chakula kinarudi puani na mtoto anazungumzia puani maisha yake yote. Hayo ni ya waliobahatika. Wengine wanafika hospitali wakiwa weupe kwa kupoteza damu, kwa kuwa mtoto mdogo humeza damu yake kimya na hakuna anayeona kiasi. Wengine wanapata sumu ya damu, au pepopunda, au virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kutoka kwa wembe uliomkata mwingine. Na wale waliokuwa na kifua kikuu, pumu au nimonia tangu mwanzo wanarudi nyumbani na ugonjwa wao, wamepoteza mwezi na damu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinadai kipimo cha kifua kikuu, ambacho vituo vya serikali hutoa bila malipo. Kikohozi cha usiku chenye mluzi kifuani kinadai kuchunguzwa pumu. Mtoto anayepumua haraka huku mbavu zikivutwa ndani ana nimonia na anahitaji dawa siku hiyohiyo.

Ombi langu kwa wahudumu wa afya ni kwamba wamwite bibi. Katika nyumba nyingi mama wa mtoto hana sauti juu ya kimeo, mwenye sauti ni mama mkwe. Akikaribishwa ndani ya chumba cha daktari, akaamkiwa kwa heshima yake, akaonyeshwa kimeo cha mtoto mwingine mzima asiyekohoa na akaambiwa jina la ugonjwa halisi wa mjukuu wake, anakuwa mlinzi wa kwanza wa mtoto huyo. Akikemewa, atangoja mtoto arudi nyumbani.

Watu wa pwani watanidai neno kuhusu mwiba wa samaki. Donge la ugali au la wali lililomezwa bila kutafunwa ndiyo tiba ya kila meza, na ipo miiba midogo iliyoshuka nalo. Ila mwiba mkubwa wa changu au wa chewa ukisukumwa unaweza kuzama ndani ya nyama, ukatoboa umio. Kama unasikia kuchomwa mahali palepale kila ukimeza, acha kula na nenda hospitali. Anayetokwa udenda, anayezungumza kwa sauti iliyozibika au aliyeshindwa kufungua mdomo, awe na mwiba au la, ni wa dharura, na mtoto wa namna hiyo asichunguliwe koo nyumbani kwa kijiko. Utando wa kijivu uliong’ang’ania kooni unaweza kuwa dondakoo, ugonjwa tuliodhani umekwisha hadi uliporudi kwa nguvu Nigeria mwaka 2023 katika maeneo ambayo chanjo zilirukwa.

Zimebaki dalili mbili za watu wazima, zote hazina maumivu mwanzoni. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua, hasa kwa mvuta sigara na mnywaji wa pombe kali, itazamwe kwa kioo au kamera na daktari wa koo. Saratani ya nyuzi za sauti hubadili sauti ikiwa bado ndogo sana, na ikikutwa wakati huo hutibika vizuri. Kwa mtoto, ukwaruzi unaoendelea kwa miezi na kuanza kumbana pumzi unaweza kuwa vinyama vya virusi kwenye njia ya hewa, ambavyo mara nyingi hutibiwa kama pumu bila mafanikio.

Dalili ya pili ni uvimbe wa shingo usiouma kwa mtu ambaye pua yake imeziba upande mmoja, au sikio lake moja limejaa bila kuwa na mafua. Kumbuka mrija wa Eustachi unapoanzia. Saratani inayoota nyuma ya pua huziba tundu hilo kwanza, na kwa miezi mgonjwa hutibiwa sikio. Mtu huyo asikubali uvimbe wa shingo ukatwe kabla ya nyuma ya pua yake kuchunguzwa kwa kamera, kwa sababu chanzo kiko huko. Saratani hii hutibiwa zaidi kwa mionzi pamoja na dawa, tiba inayopatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na katika hospitali chache nyingine za kanda yetu, na wanaofika uvimbe ukiwa bado mdogo wana nafasi kubwa ya kupona kuliko wanaofika baada ya mwaka.